Yaya Wetu wa Zamani

12 Februari

Chiriku,

Sikuondoka kwa hasira, kama ulivyomwambia dereva anibembeleze njiani. Niliondoka kwa sababu vyombo vilikuwa vimekwisha kuoshwa, na sikuona kazi nyingine ya kufanya nyumbani kwako.

Haya, mke wa seremala anayeniandikia ameweka kalamu chini. Anasema barua haianzi hivyo, inaanza na salamu. Yeye kasoma, mimi sikusoma, basi tumfuate. Hujambo mwanangu? Mumeo mhandisi hajambo? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto limekataa ngazi, la kulia bado lina adabu. Mjomba wako mgongo umemkaza, analala chali kama kobe aliyepinduliwa, na bado anagombana na wapita njia kupitia dirishani. Seremala kapata kazi ya madawati ya shule, kwa hiyo uani hapapitiki kwa mbao. Bomba limepasuka tena, na mwenye nyumba anasema sisi ndio tunaolifungua kwa nguvu, kana kwamba tunapigana nalo. Salamu zimetosha? Anasema zimetosha.

Sasa tuongee.

Uliniita mwenyewe. Ulisema kuna karamu ndogo, wazazi wa mume wanakuja, njoo mama mkubwa ukae na watu. Nikavaa lile gauni la buluu. Nikafika getini, mlinzi akaanza kunitazama kutoka viatuni kwenda juu, hakufika usoni, akaniuliza nimeagizwa na nani. Kisha akanionyesha njia ya pembeni, ile inayopita kwenye mapipa ya taka. Na mimi nikaifuata. Hapo ndipo ninapojichukia, Chiriku. Sikuuliza. Miguu yangu imeingilia mlango wa jikoni maisha yote, mlango wa mbele mimi nauona kama picha ya ukutani, kitu cha kutazama upite.

Kufika jikoni, sinki limefurika, mpishi kaelemewa hata salamu haitoki. Mimi siwezi kukaa na sinki lililojaa. Ni ugonjwa. Kuna watu hawawezi kukaa na mbwa. Nikajifunga kitambaa kiunoni, nikaanza na glasi, maana glasi unaziosha kabla maji hayajashika mafuta, hilo nilikufundisha. Nikasema nimalize hizi tu, halafu niende sebuleni kukaa na watu.

Ndipo akaingia Bi Bangili. Jina lake usinitajie, mimi namwita hivyo kwa sababu nilizisikia bangili kabla sijamwona mwenyewe. Mama wa mhandisi. Akaninyooshea kikombe huku akitazama kwingine, akasema chai imepoa. Wewe ulikuwa nyuma yake. Usiseme hukuwapo. Nimekuona na wewe umeniona, mpaka ukameza mate. Akakuuliza huyu ndiye mpya? Mimi nikakungoja. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kitambaa, tayari kulifungua. Nawe ukasema, "Huyu ni yaya wetu wa zamani, amekuja kutusalimia."

Nikachukua kikombe. Nikapasha chai. Nikampelekea kwenye sinia, na sukari kando, kama inavyotakiwa.

Mama yako, mdogo wangu, alifumba macho wewe hujaota jino. Nani alikutafunia? Nani alikubeba mgongoni huku anapiga pasi mashuka ya watu, mpaka ukazoea kulala kwa joto la pasi? Nataka unijibu. Usinitumie sukari, nijibu.

Mimi mama yako mkubwa.

(Dada, shikamoo. Nimeandika kama alivyosema, ila maneno mawili nimeyaacha, yalikuwa mazito. Mwandishi.)


5 Machi

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Mpe pole mjomba kwa mgongo. Sisi tu wazima. Mhandisi amepandishwa cheo, sasa anasimamia ujenzi wa daraja, anarudi amechoka lakini anafurahi. Ofisini tumehamishiwa ghorofa ya juu, kuna mwanga mzuri. Nina habari njema pia: ninatarajia mtoto. Daktari anasema huenda ikawa mwishoni mwa mwezi wa nane.

Kuhusu siku ile, nadhani kulikuwa na hali ya kutoelewana. Wageni walikuwa wengi na mambo yalikwenda haraka. Ungeingilia mlango wa mbele kama nilivyokueleza, yote haya yasingetokea.

Nimekutumia dawa ya goti na kitambaa cha gauni. Naomba jambo moja: ukiweza, tafuta mtu wa familia akuandikie barua. Mambo yetu yasitembee uani.

Mwanao.


20 Machi

Chiriku,

Salamu ninazo, tena leo ni za kweli. Niliposomewa hilo la mtoto nilikaa kwenye ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Mke wa seremala alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanangu, hongera. Kula vizuri, usinyanyue vitu, usipande hizo ngazi za ghorofa ya juu kwa haraka, mwanga utaukuta palepale. Mjomba wako anasema atakuwa wa kiume, na kwa kuwa mjomba wako hajawahi kupatia jambo lolote, basi ni wa kike.

Haya, nimemaliza kufurahi.

Hali ya kutoelewana. Nimeomba nisomewe hapo mara mbili. Nani hakumwelewa nani? Bi Bangili alielewa vizuri, chai ikamfikia. Mlinzi alielewa. Mimi nilielewa. Aliyebaki ni wewe, na wewe ndiye mwenye shahada.

Unataka mtu wa familia aniandikie. Nilikuwa naye mmoja. Nilimpeleka shule, akajua kuandika, akaolewa na mhandisi.

Sasa nikuambie nililolijua garini. Yule dereva wako ni mtu mwema, anaongea, hakujua anachonimwagia. Akaniambia, mama, kumbe wewe ndiye uliyefanya kazi kwa wazazi wa bibi, kule kwenye nyumba kubwa ya veranda alikokulia. Nikamwuliza wazazi gani. Akasema si yule mkurugenzi na mkewe, bibi husimulia mezani, ile bustani, ile piano.

Ile piano. Ulikuwa unaipangusa vumbi.

Ni kweli ulikulia kwenye nyumba ile, hukusema uongo wote. Ulikulia chumba cha nyuma, kati ya karo la kufulia na chumba cha makaa, dirisha lenyewe likitazama ukuta. Mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha kitanda mara nne kufuata pakavu, tunacheka. Au hilo husimulii mezani? Magauni ya binti yao yalipombana ndiyo uliyovaa, na mimi nilikuwa nageuza ukosi usiku ili asiyatambue. Sasa umeyavaa na yeye mwenyewe ukamvaa, na baba yake ukamvaa, na veranda ukaivaa. Sisi tuliobaki nyuma ya nyumba umetuvua.

Hata kukohoa kwako kumebadilika. Nilikusikia siku ile kutoka jikoni, umekohoa kidogo, mkono mdomoni, kama unaomba ruhusa. Sisi kwetu tukikohoa jirani anajua.

Kile kitambaa cha gauni nimempa mke wa seremala. Dawa ya goti nimebaki nayo, goti halina ugomvi na wewe.

Mama yako mkubwa.


2 Juni

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika, kazi zimekuwa nyingi na miguu inavimba. Mtoto anacheza sana tumboni, hasa nikikaa kwenye mikutano. Mhandisi amechagua rangi ya chumba chake. Natumaini goti linaendelea vizuri, ingawa hukusema.

Nina jambo la kukueleza, naomba ulisikilize mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Mama mkwe amekuwa akikutaja. Anasema hajaona mtu anayeosha glasi kama wewe, na kwamba una adabu ya wafanyakazi wa zamani. Amependekeza uje ukae nasi mtoto atakapozaliwa, umlee. Nilishtuka mwanzoni, lakini nimefikiri, na naona ni jambo jema. Utakuwa karibu nami. Utakuwa na chumba chako mwenyewe, kina bafu lake, nyuma ya gereji. Utamshika mtoto kuliko hata mimi nitakavyomshika. Mimi na wewe tutajua. Wengine wakijua vingine, inatupunguzia nini?

Sare nimekataa. Nimemwambia mama mkwe aproni inatosha.

Fikiria, mama. Ni njia ya sisi kuwa pamoja.

Mwanao.


11 Juni

Chiriku,

Mke wa seremala alisoma vizuri mpaka akafika kwenye aproni, akashusha karatasi. Nikamwambia soma. Akasema, mama, tunywe maji kwanza. Nikamwambia maji nitayanywa nikishajua ninayameza na nini.

Hatujambo. Mjomba ameinuka, anatembea na fimbo, anaitumia zaidi kunyooshea watu. Basi.

Umenikatalia sare. Nishukuru? Nipige magoti, hili bovu na lile zima?

Nimlee mjukuu wangu kwa mshahara. Niwe na siku ya mapumziko, siku ya kupumzika kumlea mjukuu wangu, nitoke nizunguke barabarani kama mtu aliyekosa kwao, halafu jioni nirudi kwa njia ya mapipa. Wageni wakija nimkabidhi mtoto mlangoni nirudi nyuma, maana yaya haketi. Akiugua nisimame kando ya kitanda na Bi Bangili aketi kitandani. Na akianza kusema, ataniitaje? Umelifikiria hilo, wewe na mikutano yako? Atakapokosea akaniita bibi, nani atamsahihisha, wewe au yeye?

Nikuambie kitakachotokea. Mtoto anajifunza kwa macho. Atakua akimwona bibi yake wa bangili ananinyooshea kikombe anatazama kwingine. Na siku moja, bado mdogo, mkono bado mnene wenye mikunjo, atanyoosha kikombe chake hivyohivyo, atatazama kwingine. Nami nitakipokea. Na wewe utakuwa umesimama nyuma yake, umemeza mate.

Nilifanya kazi ile tangu kabla sijavunja ungo na sijaionea haya hata siku moja. Nimeosha, nimepiga pasi, nimelea watoto wa watu wakakua wakanisahau, na ni sawa, walikuwa wa watu. Yaya ni kazi. Ukiniita yaya mbele ya mtu niliyemfanyia kazi, hujanitukana. Wewe sikukufanyia kazi, Chiriku. Wewe nilikuzaa kwa mikono kwa sababu tumbo lililokubeba lilikuwa limekwisha kuzikwa.

Siji. Hivi hivi, siji. Ukitaka nije, kaa na mama mkwe wako, mwangalie usoni, mwambie mimi ni nani na wewe ni nani. Kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia, naapa. Nikimwambia mimi nitakuwa yaya mzee aliyepata wazimu anadai mtoto wa watu. Lazima litoke kwako. Likitoka, hata kwa punda nakuja.

Mke wa seremala anasema nimalizie na neno zuri. Sina. Amalizie yeye.

(Dada, jitunze. Usile chumvi nyingi, miguu itapungua kuvimba. Analia, ingawa anasema ni moshi, na leo hatukuwasha jiko. Mwandishi.)


9 Julai

Mama,

Sina salamu leo.

Hukuniuliza nimejifunzia wapi kukukana. Nimejifunzia kwako. Umesahau? Uliniambia ndani ya nyumba ile nikuite dada, wenyewe wajue mimi ni mdogo wako. Mgeni akiuliza, mimi ni mtoto wa jirani, nimekuja kusaidia kupangusa. Uliniketisha kitandani ukanifanyisha mazoezi, unauliza najibu, unauliza najibu, mpaka sikukosea tena. Siku niliyoanguka kwenye ngazi za veranda, goti limepasuka, nikalia "mama" mbele ya mke wa mkurugenzi, ulikuwa umesimama pale na kapu la nguo. Ulinipita. Ulinipita mama, na nguo zako. Akaja binti yao kuninyanyua.

Mimi sikujua kumbe mtu anaweza kupendwa chumbani na kukanwa verandani. Wewe ndiye uliyenionyesha. Sasa imekuwa dhambi yangu peke yangu.

Na hujui kukaa meza yao kulivyo. Unafikiri nimepumzika. Nikishika uma natazama kwanza mikono ya wengine. Nikicheka kwa sauti nasikia cheko lako limetoka, nalikatiza katikati, mhandisi ananiuliza nimepaliwa? Kila mgeni mpya akiingia nasubiri aseme, wewe nakujua, wewe si yule wa kule nyuma? Nimechoka. Sijui tena nikiwa peke yangu nakaaje.

Usiniambie ni rahisi, niseme neno moja. Wewe ulikuwa na neno moja pia.

Sisaini.


30 Julai

Chiriku,

Nimesomewa. Nimekaa nayo siku nyingi, sikumwita mke wa seremala kuandika, akadhani nimemkasirikia yeye, akaniletea mkate. Ndiyo maana umengoja.

Nakumbuka ngazi. Nakumbuka na kapu, lilikuwa la foronya za mito, halikuwa zito hata. Yule mwanamke alikuwa hataki mfanyakazi mwenye mtoto. Aliyenitangulia alimfukuza kwa sababu hiyo, na kichanga mkononi. Alisema mwenye mtoto akili yake iko kwingine. Ningekunyanyua pale, jioni ile tungelala barabarani, wewe, mimi na goti lako.

Siombi msamaha. Umeandika? Andika tena, siombi msamaha. Asije akasoma barua hii akadhani bibi kalainika.

Nilikuficha upate kula, upate kusoma. Wewe umenificha upate kula nini? Meza yako imejaa mpaka mpishi anaelemewa. Na jioni ya siku ile, sema ukweli wako, nilikuja au sikuja? Nilikuja. Nilikuosha lile goti, nikalipuliza, ukalala umeshika sikio langu kama kawaida yako. Nilikukana mchana, usiku nikakurudisha. Wewe siku ya kikombe, watu walipoondoka, ulikuja jikoni? Nilikaa pale. Nilisuuza hata vyombo visivyo vichafu, nikikungoja. Ulimtuma dereva.

Usinilinganishe. Nikisikia umenilinganisha tena nitakuja na punda bila kualikwa.

Lakini hilo la kucheka limeniudhi kuliko yote, na nimeudhika nao, siyo na wewe. Cheko lile si langu peke yangu, mama yako alicheka vilevile, alikuwa akianza majirani wanatoka nje kuuliza kuna nini. Mtu kukatiza cheko katikati ni kama kumeza mfupa. Watu gani hao ambao mtu hawezi kucheka kwao akamaliza? Na wewe umeolewa humo, na umetaka na mimi niajiriwe humo.

Mimi kule nyuma nilikuwa najua mimi ni nani. Nilikuwa naingia jikoni kwao naitwa yaya, natoka naitwa mama. Nilikuwa na pa kutokea. Wewe umefunga mlango na umebaki ndani. Hilo nakusikitikia, na hasira yangu bado iko palepale. Zinakaa pamoja vizuri tu, hazigombani.

Jitunze. Siku zimekaribia.

Mama yako mkubwa.


14 Septemba

Mama,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa, wa kike. Ni mzima na ana kelele. Mimi napona.

Mhandisi nimemwambia. Yote, na chumba cha nyuma. Akasema, tusimwambie mama yake kwa sasa.

Mama mkwe amechoka kungoja jibu lako. Amemwuliza dereva mahali unapokaa. Huenda akaja mwenyewe. Akija, naomba

Mwanao.


21 Septemba

Chiriku,

Wa kike. Nimemwambia mjomba wako, akasema alijua. Tumeimba hapa uani, mimi na mke wa seremala na wote waliokuwa kwenye foleni ya bomba, hata yule asiyenisalimia ameimba, sauti mbaya kabisa, lakini kaimba. Ana kelele, umesema. Mwache apige. Usimfundishe kuzikatiza.

Umemwambia mumeo. Hilo nimelisikia, na limenishusha pumzi. Lakini huyo mhandisi naye. Anapitisha magari juu ya maji, na neno dogo kutoka chumba chake mpaka cha mama yake limemshinda kulipitisha. Kwa sasa. Kwa sasa ni mpaka lini, mpaka nife mje kuzika yaya?

Na hiyo "naomba." Mke wa seremala aligeuza karatasi, akatazama ndani ya bahasha, akaitikisa. Unaomba nini? Ninyamaze? Niseme? Umeniachia mimi nimalizie, kwa sababu ukimalizia wewe utakuwa umesema. Tangu mwezi wa pili nakungoja useme jambo moja mpaka mwisho wake, na bado

Ngoja. Kuna gari nje.

Nimerudi. Andika upesi, usiulize, andika.

Ni yeye. Bi Bangili, hapa kwetu, na viatu vyake juu ya maranda ya mbao. Dereva kasimama nyuma yake ananiangalia kama mtu aliyeangusha sahani ya watu. Seremala akapangusa dawati moja la shule, akamkaribisha, akakaa humo magoti juu, mwanamke mzima kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ningecheka siku nyingine. Leo nilijikuta nimesimama mbele yake, mikono nimeikutanisha hapa mbele, kichwa nimekiinamisha kidogo. Hapa uani kwangu, Chiriku. Amekaa yeye, nimesimama mimi, na hakuna aliyeniambia nisimame.

Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Kanipa pole ya goti. Kasema mjukuu wake ana macho ya kwao. Kisha akaanza maswali, nayajua yote, ningeweza kuyauliza mwenyewe. Nina kifua? Sina. Nakunywa? Chai. Usingizi wangu ni mzito? Mwepesi. Nikayajibu moja baada ya moja, ulimi wenyewe unakimbia. Mpaka akauliza, tena kwa upole, "Na watoto, una watoto? Maana mwenye watoto wake hatulii."

Nikamwambia ndani nina barua, nimalizie kwanza nitakuja kumjibu. Ameshangaa. Sidhani kama amewahi kungojeshwa na mtu wa namna yangu. Acha angoje kidogo, mimi nimengoja wengi.

Sasa huyu anayeandika anataka kunishauri. Anasema, mama, sema huna, nenda ukamshike mtoto, mengine yatajinyoosha mbele ya safari. Ana moyo mwema. Na nikuambie kweli, mikono inaniwasha. Ningeweza kusema. Ni neno fupi, nimelisema kabla, kwa yule wa veranda, nikapewa kazi siku ileile. Nikisema tena leo, kesho asubuhi nimempakata mwanao. Nikisema lingine, huenda nisimwone mpaka ajue kutembea, na wewe meza yako itageuka juu chini kabla ya chakula cha jioni. Nalijua hilo. Sifanyi mchezo.

Nilikuapia kwamba sitamwambia wewe ni nani, hilo ni la mdomo wako. Kiapo changu kiko palepale. Lakini huyu mwanamke hakuniuliza wewe ni nani. Ameniuliza mimi nina nani. Hilo ni langu.

Anaita. Umemsikia? Anasema, "Yaya, mbona unakawia?" Haya, acha kalamu. Acha hapohapo, usinimalizie neno zuri. Toka nawe, mwambie mumeo anipangusie dawati la pili, aliweke mkabala na lake. Nataka kumjibu nimekaa.